Si Mipira Yote

Kauli ilikuwa mashine ya kutafsiri isiyo na sauti. Ilisikiliza lugha kumi na nne za karakana ya lifti ya anga, ile inayopandisha mabehewa ya watu hadi nje ya hewa, ikapima maneno, kisha ikawasha taa: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Hapo awali ilitafsiri sentensi nzima, lakini wakubwa waliona maneno yanachelewesha safari.

Asubuhi hiyo Mhandisi Hayashi, mama mkaguzi kutoka Japani, alikagua mipira sita inayoziba hewa kwenye mlango wa behewa la saba, akainamisha kichwa na kusema jambo kwa Kijapani cha heshima. Kauli ikawasha kijani.

Kwa desturi ya karakana, behewa haliondoki mpaka fundi wa zamu aligonge mara mbili kwa kiganja. Zamu ilikuwa ya Sikudhani. Ndani walikaa mafundi kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa Mbaruku, kaka yake.

Hakugonga. Kwa miaka mitatu alikuwa akila chakula cha mchana na Hayashi, wakifundishana lugha kwa kuoneshana samaki na vijiko. Alijua kwamba kitu kikiwa kizima, mama yule hutamka neno moja tu. Leo alikuwa ametamka mengi.

Msimamizi Chande alimuuliza kama mkono umekufa ganzi. Wenzake wakacheka. Chande akaongeza kwamba safari ikichelewa, kesho asije kazini.

"Hilo la kesho tutalizungumza kesho," Sikudhani alisema kwa sauti ndogo. "Mama Hayashi, umesema nini?"

Hayashi alijibu polepole, kwa Kiswahili. "Si mipira yote ya mlango iliyo salama. Mitano, ndiyo. Wa sita, sijaridhika."

"Kauli imetoa kijani," alisema Chande.

"Imefuata ile mitano, Bwana Chande," Sikudhani alisema. "Hewa itavuja kwenye wa sita."

Mlango ukafunguliwa. Mpira wa sita ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mbaruku alishuka, akasimama karibu na dada yake.

Chande akaiamuru Kauli ioneshe kila jibu la shaka ililoligeuza kuwa kijani. Yalijipanga kwenye kioo chake, mia mbili na kumi na mawili, na Chande akaanza kuyasoma. La tatu lilikuwa la siku behewa la pili lilipopotea na watu tisa, lile waliloambiwa liligongwa na kimondo.

Chande alivua kofia. Akasema yatosha kwa leo.

"Soma mpaka mwisho, Bwana Chande," Sikudhani alisema. "Kwa sauti. Sigongi behewa lolote mpaka umalize."