Kinyozi Aliyejifunza Kutoa Pumzi

Mtaani walimwita Redio. Kinyozi huyu akiwasha mashine ya kunyolea, na mdomo wake huwaka. Mkewe alikuwa msusi, na walifanya kazi chumba kimoja.

"Redio yangu haina kitufe cha kuzima," mkewe aliwaambia wateja.

Asubuhi moja Redio alikuwa akimnyoa Babu Koti, mzee mshona makoti. Alimpangusa shingo kwa brashi ya poda huku akisimulia habari za mpira. Ghafla habari ikakatika. Kifua kilimbana, kikaanza kulia kama filimbi. Pumu ilikuwa imerudi.

"Vuta pumzi!" mkewe akapiga kelele.

"Vuta! Vuta kwa nguvu!" wateja wakadakia.

Redio akavuta kwa mdomo, mabega juu. Kadiri alivyovuta, ndivyo alivyozidi kubanwa. Mkewe akapekua taulo, akaipata pampu yake ya dawa. Redio akaivuta kama alivyoelekezwa hospitali. Polepole akapata nafuu. Muda wote huo Babu Koti alikuwa amemshika mkono, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina.

"Baba watoto, tufunge hiki kiti chako," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Siku moja utaniangukia hapa."

Redio akainama. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala aliyoipenda.

"Kabla hamjafunga," akasema Babu Koti, "binti yangu ni nesi wa kliniki ya kifua. Nitamwita. Na aone baba yake alivyopendeza!"

Wote wakacheka, hata Redio.

Nesi alikuja jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Wananiambia nivute, na hewa haiingii."

"Kwa sababu hewa ya zamani haijatoka. Ukibanwa, hewa hukwama kifuani. Gunia limejaa, utatia nini tena? Toa kwanza."

"Nitoe vipi?"

Nesi akamwonyesha mashine. "Nywele zikinasa hapa, unafanyaje?"

Redio akabana midomo, akapuliza. Fuu!

"Midomo ni hiyohiyo. Sasa puliza taratibu, kama hutaki unywele umrukie mteja jichoni."

Redio akajaribu tena. Nesi akamfundisha kukaa wima, kulegeza mabega na kuweka mkono tumboni. Akavuta kwa pua, kwa utulivu, tumbo likainuka. Kisha akatoa kwa midomo iliyobanwa, kwa muda mrefu kuliko alivyovuta.

"Fanya kila siku ukiwa mzima, mwili uzoee," nesi alisema. "Na poda hii iondoke, vumbi lake linachokoza kifua. Kitambaa chenye unyevu kinatosha."

Redio akafanya bidii. Hata alipokuwa akiosha vyombo alipuliza. Baada ya muda akamwambia nesi kwa majivuno, "Pampu nimeiweka kabatini. Siihitaji tena!"

Nesi hakucheka. "Mjomba, mazoezi ni msaidizi wa dawa. Hayachukui nafasi yake. Dawa ya kila siku usiache. Pampu ikae mfukoni. Ukibanwa, pampu kwanza, kisha pumzi. Na ukivuta dawa usipate nafuu, au ukashindwa kumaliza sentensi, au midomo ikabadilika rangi, hospitali mara moja."

Mkewe akaenda kabatini mwenyewe. Usiku huo akashona mfuko mdogo kwenye aproni ya Redio, wa pampu tu.

Siku ya kujaribiwa ilifika. Jirani alichoma takataka, moshi ukaingia. Redio akakatiza habari, kifua kikaanza kulia filimbi. Mteja mmoja akafungua mdomo, "Vu—"

"Nyamaza, ndugu yangu," mkewe akasema, akifunga dirisha la upande wa moshi. "Mwache."

Redio akaketi, akavuta dawa, akalegeza mabega. Akapuliza taratibu. Filimbi ikapungua, kisha ikanyamaza. Hakuna aliyetaja tena kufunga kiti.

Siku hizi Redio bado anasimulia, ila hupumzika katikati ya habari. Hufunga mdomo, huvuta kwa pua, hutoa polepole. Wateja humsubiri.

"Ehe?" Babu Koti huuliza, kichwa kikiwa nusu tayari. "Halafu ikawaje?"

"Zamani hamkuwahi kuniuliza hivyo," Redio hujibu.

"Zamani hukutupa nafasi," mkewe humwambia, na mkono wake hupapasa aproni, kuhakikisha pampu ipo.