Jagi la Kila Jioni

Katika duka la vifaa vya ujenzi watu walibanana, kila mmoja akimpigia muuzaji kelele za shida yake. Muuguzi mmoja, bado na sare nyeupe na raba za kazini, alikuwa anatafuta mpira mwembamba wa maji.

"Wa bustani?" akauliza fundi bomba aliyesimama nyuma yake.

"Wa samaki."

"Samaki wako wana kiu?"

Muuguzi alicheka bila kutaka. Balaa lilianzia hapo.

Samaki waliachwa na marehemu baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga ng'ambo, miaka miwili. Mama yake angeweza kuwalisha, ila ndoo za maji mgongo wake ulishazikataa. Bila tangi kujibadilishia maji lenyewe, binti haondoki.

Fundi akaja nyumbani kwao. Akafunga pampu mbili na saa ya umeme: kila Jumapili, moja inatoa maji machafu, nyingine inavuta maji safi kutoka kwenye pipa la kando. Akafunga na boya: maji yakipungua kwa joto, linashuka, pampu inawaka, ya pipani yanaingia. Kazi ya siku moja ilichukua Jumamosi tatu.

"Fundi gani huyu hamalizi?" mama alinung'unika. Hakujua kwamba wawili hao walishaanza kuitana mpenzi.

Wiki ya majaribio, Jumatatu hadi Jumamosi, muuguzi alikwenda kumuaga shangazi yake, fundi akabaki kuangalia mashine. Alimpigia simu kila siku.

"Maji je, mpenzi?"

"Yapo kwenye alama."

"Mashine yako kiboko!"

Boya lilikuwa limekwama tangu siku ya pili. Jipya lilikuwa mfukoni mwa fundi. Akilifunga, mpenzi wake anaondoka. Akisema limekwama, mpenzi habaki kwa ajili yake, anabaki kwa ajili ya samaki. Mwanamume mzima, mwenye mikono ya kufungua bomba lililoshikwa na kutu, akashindwa yote mawili. Kila jioni alikuja akajaza tangi kwa jagi la jikoni.

Muuguzi aliporudi, hata kitenge cha safari hajakivua, alifunua pipa.

"Mbona limejaa vilevile? Tangi limejazwa na nini?"

"Si huyo na jagi lake," mama akasema, akimwonyesha fundi mlangoni.

Muuguzi aligusa boya, akaona limekwama, kazi ya dakika moja kwa fundi. Alimgeukia. "Ulitaka nibaki?"

"Nilitaka."

"Na kwenye simu unaniambia mashine kiboko?"

"Wewe ndiye uliyesema kiboko."

"Usinichekeshe, nimekasirika! Ulitaka nini hasa?"

"Sijui. Kweli tena, sijui."

Fundi akatoa boya jipya, akalifunga mbele yake. Maji yakaingia yenyewe, taratibu, mpaka kwenye alama. Hakuna aliyefurahi. Machozi yalimtoka muuguzi, akayaacha yatoke.

"Basi naweza kwenda," alisema.

"Unaweza."

Muuguzi akainama, akachomoa waya wa pampu ukutani.

"Unafanya nini? Nimeshatengeneza!"

"Nimeona." Akamwekea ufunguo wa mlango kiganjani. "Nikipiga simu kuuliza maji, nataka aniambie mtu aliyeyajaza. Njoo na jagi lako. Nikirudi nikukute humu, unioe."

"Miaka miwili?"

"Siwezi kuipunguza."

"Na mimi siwezi kukuzuia."

"Huwezi."

Mama alikohoa kitini pake. "Jagi lenyewe ni langu, na asiponioshea halichukui."

Fundi alikwenda kuliosha.