Gervas Aliposema Khalas

"Ajman siendi, Leah! Unataka nifie kwenye basi?"

"Na mimi nifie nyuma ya pazia?"

Walikuwa kwenye ngazi za jengo moja la Al Mankhool, Dubai, maana ndani hapakuwa hata na pa kugombania. Leah alipanga kitanda cha juu, chenye pazia tu la kujisitiri, kwenye chumba cha wanawake wanane. Mumewe Gervas, mlinzi kule Marina, alilala kwenye kambi ya kampuni yake. Ndoa ya kanisani wanayo, cheti cha Tanzania wanacho, na mwaka wa pili huu walikuwa wakikumbatiana kwa kuibia ngazini kama wanafunzi.

"Ajman kodi ni rahisi, mume wangu. Tunapata chumba chetu. Jiko letu. Choo chetu!"

"Na masaa mawili kwenda, mawili kurudi. Zamu yangu masaa kumi na mawili. Tutaonana muda gani?"

"Tutalala pamoja."

"Tutakoroma pamoja! Bora tubanane hapa hapa Dubai, tuonane tukiwa na akili zetu."

Leah akachoka.

"Chagua, Gervas. Ajman na mimi, au Dubai na kitanda chako. Nataka jibu kesho."

Kesho yake mchana, Leah yuko dukani anakunja vitambaa, ujumbe ukaingia. Neno moja tu:

"Khalas."

Dubai nzima neno ndilo hilo la Kiarabu, yaani basi, imekwisha: kazi ikiisha khalas, mteja akigoma bei khalas, mtu akifukuzwa khalas. Leo limeifikia ndoa yake. Kumpigia hakumpigia, kiburi kilishampanda. Alizima simu, akafuta machozi, akamfuata meneja wake, Adib.

"Sir, bado unatafuta mtu wa kwenda duka la Salalah?"

"Oman? Si ulikataa kwa ajili ya mumeo?"

"Sasa nakwenda."

"Ni miaka miwili, Leah. Una hakika?"

"Yalla, haya twende, sir, nipe nisaini."

Akasaini. Mshughulikia viza wa duka akaondoka na makaratasi saa hiyo hiyo kwenda kufuta viza yake, na nafasi yake akapewa Daphine, Mganda aliyeingojea kwa miezi.

Jioni Gervas akaingia dukani mbio na sare yake ya ulinzi, meno yote nje.

"Mbona umezima simu? Ujumbe wangu hukuupata?"

"Niliupata."

"Sasa umenuna nini? Si nimekwambia khalas, nimesaini! Chumba cha Ajman, mkataba wa mwaka mzima. Niliomba ruhusa kazini, hata mabegi yangu nimeshahamisha!"

Leah akaweka chini kitambaa alichokuwa anakunja.

"Khalas ilikuwa ya chumba?"

"Ya nini tena?"

Akamwambia yote. Gervas akakaa juu ya majora ya vitambaa, kofia mkononi. Leah akamkimbilia Adib, akalia, akabembeleza. Adib alimhurumia kweli, lakini viza ilishafutwa na tiketi ilishakatwa. Safari ni Alhamisi.

"Ungenipigia tu, mke wangu," Gervas alisema. "Ungeniuliza, Gervas una maana gani?"

"Niliogopa utanijibu."

Wakalia pale pale, wateja wakiwapita pembeni. Kisha Gervas akavaa kofia yake akaondoka, maana foleni ya basi la Ajman ni ndefu, na alfajiri alitakiwa awe Marina.