Mwizi wa Maji ya Ndiva

Jumanne, tarehe 16 Julai 2024. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali katika milima ya Upare, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Ukisimama mlangoni hukuweza kuona banda la mbuzi.

"Subiri jua litoke," alisema mwinjilisti Sadock, aliyewapokea wageni. "Ukungu wa mwezi huu si wa kuingia nao msituni."

Lakini Nafula alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa fundi cherehani kutoka Bungoma, Kenya. Yeye na wenzake wanne walifika kijiji hiki cha juu ya Suji Jumapili jioni, kwa huduma ya wiki mbili. Kwao, kazi ya Mungu ilianzia mlimani. Watu walipanda, wakafunga bila chakula wala maji, wakaomba, ndipo wakahubiri. Kuanza mikutano bila mlima aliona ni kama kushona bila kupima.

"Nitarudi Ijumaa," alisema. "Na tafadhali, mtu asinifuate. Hata nikikawia, msije kuniita. Maombi hayakatizwi."

Wenzake, waliobaki kuandaa mikutano, waliitikia amina. Sadock alisogea mlangoni, akampisha. Utamkatazaje mgeni kuomba?

Eliaichi, mjane aliyemlaza Nafula nyumbani kwake, hakukubali aende peke yake. Alijifunga kanga mbili juu ya sweta, akashika fimbo. "Twende, mwanangu. Nikuache upotee, halafu mama yako nimwambie nini?"

Walipotea wote wawili kabla ya adhuhuri.

Njia ilikuwa wazi mwanzoni, ikapanda katikati ya miti mikubwa iliyovaa kuvu. Kisha ukungu ukazidi. Nafula alitaka wafike kwenye jabali la juu, akakata kushoto ambako aliona mwanga. Eliaichi alimwita arudi, akamfuata, akakanyaga majani yaliyooza ambayo chini yake hapakuwa na ardhi. Hakupiga hata kelele. Nafula alisikia matawi yakivunjika, kisha kishindo, kisha kimya.

"Mama!"

Alishuka korongoni kwa makalio, akishika mizizi. Alimkuta Eliaichi amelala ubavu, uso umekuwa kama majivu. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na damu ilikuwa ikitoka kwenye jeraha.

"Usiniguse kwanza," alisema Eliaichi kwa meno yaliyobana. "Tafuta vijiti. Vinyoofu. Halafu uchane kanga."

Kanga ilimshinda Nafula kuchana kwa mikono, akatumia meno. Alifunga mguu kama alivyoelekezwa. Eliaichi aliuma ncha ya fimbo yake mpaka ikabaki na alama. Simu ya Nafula haikuwa na mtandao. Alipiga kelele mpaka koo likakauka, lakini ukungu ulimeza sauti yake hapo hapo, na jibu pekee lilikuwa kitu kizito kilichoruka juu mtini na kwenda zake.

"Ni mbega," alisema Eliaichi. "Nadhani ni mbega."

Ndipo Nafula alipokumbuka maneno yake mwenyewe. Hakuna mtu angekuja. Si leo, si kesho. Huko chini walikuwa wakisema kwa furaha kwamba wale wawili wako mlimani na Bwana.

"Mama, niliwakataza."

"Nilikuwepo ulipowakataza. Sasa sikiliza. Yale ni maji?"

Hatua chache chini yao maji yalikuwa yakienda polepole, si kwa fujo kama kijito. Nafula aliyafuata kwa kupapasa, akakuta mfereji mwembamba uliojengwa kwa mawe, umechongwa kando ya mlima. Alijua ni nini. Jumatatu alionyeshwa ndiva, bwawa la wakulima lenye ukuta wa udongo na mawe, ambalo hujazwa usiku kwa mfereji utokao msituni, na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Asubuhi hiyo hiyo aliona mzee mmoja akija mbio na jembe begani, akifoka kwa sababu mtu alipunguza maji ya zamu yake kidogo tu. Wageni walicheka. Mzee hakucheka.

Alirudi na maji kwenye kofia yake.

"Tumefunga, mama. Lakini..."

"Leta hapa," alisema Eliaichi, akanywa. "Na wewe kunywa. Mungu hatuonei wivu kwa maji."

Nafula alikunywa, kisha akafuata mfereji kuelekea chini, akiamini utamfikisha kijijini. Haukwenda mbali. Ulifika kwenye mwamba uliosimama wima, na hapo maji yalipita ndani ya gogo lililochongwa kama hori, likaingia kwenye ukungu. Hakuona upande wa pili. Alikaa juu ya gogo kama mtu aliyepanda punda, akasogea. Gogo lilikuwa na utelezi wa kamasi. Mguu wake mmoja uliteleza, akaning'inia kwa viwiko, akasikia jiwe alilolipiga teke likianguka. Likaanguka. Hakusikia lilipofika.

Hakuomba kwa sauti kubwa kama alivyozoea. Alisema, "Yesu," basi, na akarudi kinyumenyume akilia.

Alipofika kwa Eliaichi, mama huyo alikuwa ameanza kutetemeka mwili mzima, na maneno yake yalikuwa mazito kama ya mtu mwenye usingizi. Nafula alimtazama, akaona kwamba hatafika Ijumaa. Pengine hata Alhamisi.

"Mama," alisema taratibu, "nikiziba mfereji, ndiva itakuwa tupu kesho asubuhi. Si watakuja?"

Eliaichi alifumbua macho yote mawili. "Uzibe maji ya watu?"

"Watakuja wakiwa na hasira, lakini watakuja."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Nafula. Tangu nizaliwe sijagusa maji ya zamu ya mtu. Kesho ni zamu ya shemeji yangu Sifael. Unamjua Sifael? Atanisema mpaka kaburini."

"Kama sitaziba, mama, hutakuwa na masikio ya kumsikia."

Kisha Eliaichi akageuza uso. "Ziba. Mimi sijaona."

Nafula aling'oa mawe, akachota udongo kwa kucha, akashindilia majani. Maji yalibomoa kila kitu. Mwishowe alivua fulana yake ya misheni, yenye maandishi ya safari yao mgongoni, akaijaza udongo, akaifunga, akaisukuma kwenye uwazi na kuikandamiza kwa mawe. Mfereji ulifura, ukamwaga pembeni kuelekea bondeni. Upande wa chini ukabaki tope. Kisha alimburuta Eliaichi mpaka chini ya jiwe lililoinama, akalala akiwa amemkumbatia, sweta moja likiwafunika wawili. Usiku ule aliogopa mambo mengi, lakini zaidi aliogopa pumzi aliyoisikia shingoni pake isije ikakoma.

Haikukoma. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa bado mzito, na kutoka ndani yake ikaja sauti ya mwanamume, kali, ikikaribia.

"Nani huyo mwizi wa maji? Jitokeze! Kabichi zangu zinakufa na wewe umelala!"

Nafula alisimama. "Ni mimi! Mimi ndiye mwizi! Njoo, njoo huku, ni mimi!"

Hatua zikaja mbio. "Mwizi gani huyu anayejitangaza?"

Sifael alitokea na jembe, na nyuma yake wanaume watatu waliovuka gogo lile tangu utotoni. Alitazama fulana ndani ya mfereji. Akamtazama Nafula. Kisha akamwona Eliaichi chini ya jiwe, na jembe likamtoka mkononi.

"Shikamoo, shemeji," alisema Eliaichi kwa sauti ndogo, kwa kejeli, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Hata ukifa utanichokoza," alisema Sifael, akivua koti lake haraka kumfunika. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Zamu yangu umeinywa yote?"

Walitengeneza machela kwa miti na kanga, wakamteremsha kijijini kwa kuzunguka ule mwamba. Gari la kuwapeleka hospitali ya Same lilikuwa bado linapanda, kwa hiyo walimweka Eliaichi kando ya ndiva, ambako watu walikuwa wamekusanyika na majembe yao. Sadock alikuwa hapo, na wale Wakenya wanne, wanalia. "Tulidhani mnaomba," alisema mmoja wao. "Tulimshukuru Mungu kwa ajili yenu."

Pale kijijini, aliyekata maji husimama juu ya ukuta wa ndiva na kusema mbele ya wote alichofanya na atakachofanya. Sifael alisema haina haja, huyu ni mgeni.

"Ina haja," alisema Eliaichi kutoka kwenye machela. "Mpandisheni."

Nafula alipanda ukutani, amevaa koti la mtu mwingine, tope mpaka kwenye nywele. Bwawa nyuma yake lilikuwa tupu. 

"Nilikata maji yenu. Na kabla ya hapo nilikataza mtu asitutafute. Wenzangu wataondoka wiki ijayo. Mimi, mbele za Mungu na mbele yenu nyote, nasema nitabaki. Nitalima shamba la mama Eliaichi, nitakuja kwenye kazi ya pamoja, msaragambo, kuusafisha mfereji huu nanyi, na zamu yake ya maji nitaishika mimi, mpaka siku atakapopanda kwa miguu yake mwenyewe kwenye ukuta huu na kuniambia nishuke."