Chekecheke la Barkóczi

Chumba cha kwanza cha maonyesho kilikuwa na picha thelathini na moja. Sebők Etelka alikuwa na hakika na hilo, maana alizichagua mwenyewe, akabishana juu ya kila moja, na mumewe Dénes ndiye aliyezitundika huku akilalamikia mgongo. Asubuhi ya Jumanne, siku tatu baada ya ufunguzi, zilikuwa thelathini na mbili.

Ile ya ziada ilikaa karibu na mlango, imenyooka vizuri, ndani ya fremu nyeusi kama wenzake. Ilinuka dawa ya kusafishia picha, ile yenye ukali wa siki, na chini ya siki kulikuwa na harufu ya banda la kuku. Ndani yake alisimama bwana harusi wa zamani, ua kifuani, bila bibi harusi. Bwana harusi huyo alikuwa Dénes.

"Dénes! Njoo uone ujinga wako."

"Naam, bosi." Kazini alimwita bosi, nyumbani Etus. Akashuka ngazi, akaitazama picha kwa muda. "Huyu kanizidi nywele."

"Umeitundika lini?"

"Mimi? Mke wangu, suti kama hiyo nitaitoa wapi? Hata ya harusi yetu niliazima, ikanibana nikashindwa kula."

Alicheka. Etelka hakucheka.

Barkóczi Tivadar, mwenye picha hizo, alikuwa amekufa miaka arobaini iliyopita, na mji wetu wa kando ya mto Tisza unamringia mpaka leo kwa sababu alipiga picha za kila kitu. Wapiga picha wengine huchagua shamba moja wakalilima. Huyu alilima harusi, mitindo ya mabibi wa jiji la Pest, viwanda, sarakasi, wachungaji wa nyikani, waogeleaji, na mwisho wafu wa vijijini, ambao ndugu zao walimwita kabla seremala hajamaliza jeneza. Vyumba saba vya jumba letu la makumbusho vilipangwa hivyo hivyo. Wataalamu waliuliza mtu mmoja aliwezaje hayo yote, na Etelka aliwajibu kwa maandishi marefu ukutani pale mlangoni, marefu kuliko subira yangu. Wazee wa mji walikuwa na jibu fupi zaidi, ila hawakuulizwa.

Jumatano picha mpya ilikuwa chumba cha pili, Dénes amevaa glovu nyeupe, ameegemea gari la kifahari. Alhamisi ilikuwa chumba cha tatu, Dénes mbele ya tanuru, masizi usoni. Siku hiyo Dénes alichukua msumari akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kwa sababu alikuwa amekonda hata matundu yaliyokuwepo hayakumbana tena. Jioni aliacha tambi zake za mbegu za mpopi nusu sahani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka kumi na tisa ya ndoa, na Etelka akamrudishia sahani mbele.

"Kula, baba wee. Mbili tatu tu."

"Zina ladha ya siki," alinong'ona Dénes.

Ijumaa alikuwa amening'inia kwenye bembea ya sarakasi. Jumamosi alikuwa mchungaji mwenye koti la manyoya. Etelka alizitoa picha hizo ukutani akazifungia kabatini, na kila alipogeuka alizikuta zimerudi mahali pake, wala misumari haikuwa na mkwaruzo. Ndipo sauti ikaanza kusikika mchana kweupe, wageni wakipita na watoto wao, sauti ndogo ndani ya ukuta, kama kifaranga aliyefunikwa kapu, ikiuliza bila kuchoka: nini, nini, nini.

Jumapili asubuhi Dénes alikuwa mwogeleaji wa chumba cha sita, mbavu zake zikihesabika. Dénes mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, hawezi kuinua nyundo. Etelka alitazama mlango wa chumba cha saba, ambamo picha zote zilikuwa za wafu waliolazwa, mishumaa ikiwaka kando ya vichwa vyao, akaelewa picha zile zinaelekea wapi, na kwamba zimebakiza mlango mmoja tu. Alivaa koti vifungo vikipishana, akakimbilia kwa Shangazi Malvin.

Shangazi Malvin alikuwa na miaka themanini na minne. Ni binti pekee wa Barkóczi, na ndiye aliyelikabidhi jumba vitu vya baba yake. Alimsikiliza Etelka mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Lile sanduku la bati mlilifungua?"

"Tulilifungua, Shangazi. Lilikuwa na kamera ya safari na masinia ya dawa."

"Na chekecheke."

Ndiyo, chekecheke la unga. Watu wa makumbusho hawawezi kuona kitu bila kuuliza ni cha rafu gani, na hilo yeye alilifuta kwenye orodha kwa kalamu yake mwenyewe: chombo cha jikoni, hakihusiki.

"Dénes alilipeleka nyumbani," alisema polepole. "Tunachekechea unga."

"Yesu wangu. Basi ni yeye aliyemnyang'anya kazi."

"Nani, Shangazi?"

"Usijifanye mtu wa Pest. Bibi yako alikuambia habari za lidérc, au hakukuambia?"

Lidérc ni jina lao. Mimi nitamwita jini, maana ndivyo alivyo. Malvin alisimulia kwa sauti ya chini, akiangalia ukuta wake mwenyewe. Barkóczi alipokuwa kijana maskini alichukua yai la kwanza la kuku mweusi, akalilalia kwapani mpaka likaanguliwa. Kilichotoka humo kilifanya kazi yoyote aliyokituma, tena vizuri kuliko binadamu, lakini kila kilipomaliza kiliuliza: sasa nini?

"Baba alitaka harusi tu," alisema Malvin. "Apige harusi, anywe pombe yake ya plamu, alale saa tatu. Hakulala miaka thelathini. Akimaliza harusi, sasa nini? Akimtuma viwandani, sasa nini? Nyie mnaita kipaji. Sisi nyumbani tulikuwa tunaona mtu anayekimbizwa."

"Alimnyamazishaje?"

"Alimwambia jaza pipa maji kwa chekecheke hili. Akalikalia hilo mpaka baba anakufa, na baada yake. Anateka, yanamwagika."

Sisi Waswahili, hata tulio huku, tunasema kazi bure ni kutia maji kwenye pakacha. Barkóczi hakuwahi kutusikia, lakini shida ilimfikisha palepale.

"Lirudisheni leo," Malvin alisema, "na amtume mwenye amri humo ndani. Nani mkubwa pale?"

"Mimi."

"Basi ni wewe. Usimwandikie, hasomi, husikia tu. Kaeni naye karibu na jiko. Baba aliwasha jiko hata mwezi wa nane, tukamcheka. Na akikuuliza usichelewe, mwanangu. Hungoja mara tatu, kisha hujichagulia kazi mwenyewe. Baba alichelewa siku moja. Ndiyo siku mama yangu alipopigwa ile picha ya chumba cha saba, ile uliyoisifia mwanga wake."

Saa kumi jioni Etelka alikuwa na chekecheke mkononi. Pipa aliliweka uani, chini ya bomba. Angeliweka ndani penye joto, lakini ndani mlikuwa na picha mia mbili za karatasi, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuruhusu hata glasi ya maji ipite mlango ule. Hakulifikiria mara mbili. Alisimama kizingitini akasema kwa sauti ya kuamrisha, ambayo hata yeye hakuijua: "Jaza pipa hili maji, kwa chekecheke hili!"

Ukuta ulinyamaza. Uani matone yakaanza kudondoka.

Jumatatu chumba cha saba hakikuwa na picha mpya, na Dénes alikula mchuzi wa samaki wenye pilipili nyekundu, mabakuli mawili, akapangusa la tatu kwa mkate. Etelka alikaa mbele yake akilia kwa furaha, wala hakuficha.

"Sasa unalilia nini, bosi? Mchuzi umekwisha?"

"Kula, mchokozi wewe."

Walipata wiki mbili. Kisha baridi ya mashariki ikashuka, Tisza ikaganda kingo zake, na asubuhi moja Etelka alifungua mlango wa uani akaona pipa limejaa mpaka ukingoni, limejaa barafu, na juu yake limekaa chekecheke ambalo matundu yake yote yalikuwa yameziba kwa barafu likawa bakuli zima lisilovuja tone, na kabla hajapata pumzi, nyuma ya sikio lake, karibu sana, kukaja harufu ya siki na banda la kuku na ile sauti ndogo iliyojaa shauku ya kazi: "Sasa nini?"

"Lijaze tena! Ndani, penye joto!"

"Hiyo nimemaliza. Sasa nini?"

"Madirisha!" Etelka alipiga kelele. "Piga picha madirisha yote ya mji huu!"

Saa sita mchana yalikuwa yote yametundikwa chumba cha kwanza, hata dirisha la choo cha kasisi. Akamtuma milango. Akamtuma paka, mikono ya waokaji mikate, kila mti kati ya hapa na daraja la reli.

Maonyesho yaliongezwa muda mara mbili. Watu wanatoka mbali kuja kustaajabu jinsi picha za Barkóczi zinavyozidi kupatikana, na hakuna aliyeuliza imekuwaje marehemu wa miaka arobaini akapiga picha taa za barabarani zilizowekwa mwaka juzi. Waliomsifu Etelka kwa bidii yake walimwona akipita vyumbani anaongea peke yake, macho mekundu, kijitabu mkononi kimejaa kazi alizozibuni: moshi, viatu, migongo ya watu sokoni. Dénes alinenepa, akarudi kwenye tundu lake la zamani la mkanda.

"Etus, njoo ulale. Nitamtuma mimi leo."

"Hakusikii. Anamsikia mwenye amri." Alimshika shavu. "Wewe lala. Mimi nikikuona umelala, napumzika."

Mwezi wa pili ulimkuta kila asubuhi uani kwenye theluji, akitoa amri kwa sauti kubwa, shingo wazi. Aliamka siku moja jua limeshaingia dirishani. Alikuwa amelala usiku kucha, kwa mara ya kwanza, na koo lilimwasha kama mtu aliyemeza makaa. Kando yake Dénes alikoroma, mzito, mwenye joto, mzima kabisa.

Ndani ya kabati la nguo ile sauti ya kifaranga, iliyomfuata hadi nyumbani, ikauliza: "Sasa nini?"

Etelka alikuwa na jibu tayari, alilibuni tangu jana, vitasa vya milango ya kanisa. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, hata mnong'ono.

"Sasa nini?"

Akagonga ukuta kwa ngumi, akanyakua kijitabu akakifungua kuelekea kabati, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikitamka kanisa, vitasa, kanisa, na pumzi kavu tu ikitoka, kisha akamrukia mumewe akamtikisa bega kwa nguvu zake zote, nyuma yake sauti ikiuliza mara ya tatu.

Dénes alifumbua jicho moja, akatabasamu.

"Nini, Etus?"

Chumba kikajaa harufu ya siki. Kabatini hakuna aliyeuliza tena. Ulisikika mlio mdogo tu, wa kamera ikifungua na kufunga jicho lake juu ya Dénes aliyelala.