Rossmoy Hasafiri Bila Mbuzi

ASUBUHI. CHUMBA CHA NYUMA CHA BAA.

Malachy Tuohy alimwaga chumvi mezani, akachora barabara kwa kidole.

"Mbio ya kwanza ikianza, kila jicho liko uwanjani. Fergal anamtoa farasi bandani. Dervla yuko getini na trela. Prendergast akishtuka, tumeshavuka daraja. Akimtaka farasi wake, atamkomboa kwa bei yetu."

Fergal Noone alisugua goti lake bovu. Kila kiangazi alikuwa akizunguka na farasi wa Prendergast kama mtunzaji wao, uwanja hadi uwanja, kaunti yote ya Mayo mpaka ya Galway. Farasi huyu, Rossmoy, Fergal ndiye aliyemlea tangu hajaweza kusimama. Siku farasi alipojikwaa kwenye kiunzi akamwangukia, Prendergast alikuja mbio, akapapasa miguu ya farasi. Ya Fergal hakuiulizia. Wiki iliyofuata akamfukuza kazi.

Hilo Fergal hakulisahau. Lakini farasi hakuwa amemkosea.

"Na mbuzi," alisema. "Rossmoy hasafiri bila mbuzi wake, wanalala banda moja. Atapiga mateke mpaka trela ipasuke."

Dervla akacheka. "Tunaiba farasi au tunahama shamba, bwana?"

"Mbuzi anabaki," Malachy alisema. "Wewe utamtuliza. Si mwanao huyo?"

"Na hatadhurika?"

"Neno langu, kaka."

MBIO YA KWANZA.

Mlinzi wa mabanda alimpungia Fergal mkono. Hakuna aliyemwambia kwamba jamaa alishafukuzwa. Mtunza farasi haagwi.

Rossmoy alimfuata kama mtoto. Nyuma yao mbuzi alibaki peke yake, akaanza kulia.

MBIO YA PILI. BARABARANI.

Trekta la majani lilikuwa limeziba barabara, kuta za mawe kulia na kushoto. Magari yalisimama. Kwenye trela, teke. Teke jingine.

Fergal alifungua droo ya gari kutafuta sukari ya kumtuliza farasi. Akakuta bastola.

"Hii ya nini?"

"Wenye kamari wa Dublin hawataki akimbie leo," Malachy alisema. "Wala kesho."

"Ulinipa neno lako."

"Wewe uliniamini. Kosa la nani?"

Dervla alitazama kioo. "Polisi. Wawili, kwa miguu. Kelele zimewavuta."

"Shuka! Mtulize!"

Fergal alishuka, akachechemea hadi nyuma. Wimbo mmoja tu aliozoea kumwimbia bandani ungetosha kumtuliza. Hakuuimba. Aliteremsha mlango wa trela.

Rossmoy alitoka akitoa povu. Malachy alikuja na bastola, akalenga kichwa cha farasi. Fergal akajitia katikati, akausukuma chini mkono wenye bastola.

Mlio mmoja. Goti la Fergal lililokuwa bado zima likasambaratika. Polisi wakamwangusha Malachy.

"Dervla! Washa gari!" Malachy alipiga kelele.

Dervla alishatupa funguo. Aliruka ukuta wa mawe, akatokomea shambani.

Kutoka nyuma ya foleni alitokea Prendergast, mbuzi akimkokota kwa kamba. Yule mbuzi alikuwa amelia bandani mpaka watu wakaja kutazama, wakakuta farasi hayupo. Rossmoy alimsikia, akatulia.

Prendergast alimvuka Fergal. Alipiga magoti, akapapasa miguu ya farasi, mmoja mmoja.

"Mizima," alisema. "Mbio ya tano tunaiwahi."

"Bwana Prendergast," Fergal aliita kutoka kwenye lami.

Prendergast aligeuka, akawaambia polisi:

"Msogezeni huyo. Farasi apite."