Mlango Alioufuata Nouria

Umewahi, mjukuu wangu, kumwona mwanamume akiwaomba watu radhi kwa niaba ya mlango? Nouria alimwona, sokoni Volo Volo mjini Moroni, saa watu wanaposongamana kwa wauza mihogo. Kijana kabeba mlango kichwani, haoni mbele wala pembeni, na kila anayegongwa anaambiwa, "Samahani, huu hauna adabu." Ncha yake ikanasa leso ya Nouria, ile ya njano yenye maua ya zambarau, ikamvua begani.

"Fundi, mlango wako unatafuta mke?"

"Unatafuta nyumba, dada. Mke tutamkuta ndani."

Akacheka, ingawa hakutaka. Kijana aliitwa Chadhouli, seremala wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani. Nouria alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani Badjanani, na kwetu Komoro mwanamke ndiye mwenye nyumba. Mume huingia kwake. Baba yake alikuwa akimjengea tangu utotoni, ukuta leo, dari mwakani. Chadhouli akapewa kazi ya madirisha. Dirisha moja alilipima mara nyingi mno, maana chai ya Nouria ilikuwa na iliki. Siku moja akamletea shiromani nyekundu na nyeupe, wanayojitanda wanawake wa kwao.

Kisha Nzuani ikajitenga na serikali ya Moroni. Ilianza kwa maneno ya redioni, wakaja askari, mwisho mawe yakaanza kurushwa Moroni kwenye milango ya watu wa Nzuani. Chadhouli akafunga patasi zake guniani. Nouria akamsindikiza bandarini.

"Nisubiri, roho yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wachoke."

Alifumbua mdomo kama ana neno jingine, akalimeza, akapanda chombo.

Watu walichoka, lakini hawakuacha. Shiromani ilikaa sandukuni. Nani angeivaa Moroni siku zile? Simu zilipopatikana, Chadhouli alipiga kutoka posta ya Mutsamudu mpaka dukani kwa Kaambi, jirani yao, naye Kaambi, kwa kuogopa kuitaja Nzuani, akaita uchochoroni, "Nouria! Bandari inakuita!"

Ndipo mama yake mdogo Koultoum, mchuuzi wa vitambaa, akarudi kutoka Mutsamudu kwa jahazi la magendo. Hata buibui hajavua.

"Nimemwona fundi wako kwa macho yangu haya. Anachonga mlango wa mbao mbili, maua juu mpaka chini. Anashinda nao, mwanangu. Muulize ni wa nani."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kijana asiyeoa huchonga mlango kama ule kwa ajili ya nyumba ya dada yake, au ya mke anayekwenda kuishi kwake. Chadhouli hakuwa na dada.

Simu ilipokuja, sauti ya Nouria ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Unafanya nini siku hizi, mpenzi?"

"Kazi tu, roho yangu." Nyuma yake zilisikika kelele za watu wa foleni.

"Kazi gani?"

"Ya mbao. Nitakueleza tukionana."

"Ni mlango?"

"Nani kakwambia?"

Nouria akaweka simu taratibu, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa. "Akipiga tena, mwambie nimelala."

"Adhuhuri hii?" Kaambi akashangaa.

"Nimechoka, Kaambi."

Mambo yalipolegea na vyombo vya abiria vikaanza kwenda, alifuatana na Koultoum, eti kuuza vitambaa. Alitapika njia nzima. Asubuhi, Mutsamudu, akajitanda shiromani, akaufuata mlango ule kwa maelekezo ya Koultoum. Akauona: mrefu, maua juu mpaka chini. Akapiga hodi, akaingia kumtazama bibi harusi.

Hakukuwa na kitanda wala bibi harusi. Wanawake walikuwa wakishona kwenye meza zilizokatwa kutoka mabenchi marefu. Pembeni mkunga alikuwa akipima watoto. Ukutani juu palibaki alama nyeupe ya msalaba ulioondolewa. Na Chadhouli akasimama na randa mkononi, unga wa mbao kwenye kope.

"Hili ni kanisa?" Nouria akauliza.

"Lilikuwa. Padri alipoondoka na msalaba wake, ufunguo akawaachia watu wa mtaa. Hospitali haina dawa, kina mama hawana pa kukutania. Mlango wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa."

"Na ulishindwa kuniambia?"

"Posta, mbele ya foleni, niseme nashinda kanisani? Jioni baba yako angesikia nimebatizwa!"

Nouria akaketi. Kicheko kilimtoka kama pumzi ya mtu aliyetua mtungi. "Nilidhani umeoa."

"Nitamwoa nani? Ninayemtaka ana nyumba Badjanani." Akainama. "Imekwisha?"

"Imekwisha. Wanalala popo."

"Madirisha hayavuji?"

"Hayavuji."

Chadhouli akarudia kuupiga randa ubao uliokwisha kulainika. Nouria akaijua namna ile ya kunyamaza, ndiyo ile ya bandarini. Akamnyang'anya randa.

"Sema."

"Siwezi. Mwanamke mwenye nyumba haombwi kuiacha. Ni aibu."

"Nimetapika bahari nzima, Chadhouli. Sema."

Cherehani moja ikanyamaza, na nyingine. Kina mama wakajifanya wanatunga uzi kwenye sindano.

"Siku ile bandarini," Chadhouli akasema, sauti imekauka, "nilitaka kukwambia twende wote. Sina nyumba ya kukupa, Nouria. Lakini baki."